Nipe Karanga Nne

Ujumbe wa Furaha ulinikuta jikoni nikichambua mchele. "Mwalimu Janeti, Papa ametutoka leo asubuhi. Hakuugua muda mrefu." Furaha ni binti wa Papa Deo, na siku hizi wanaishi nchi ya mbali yenye theluji, kwa hiyo asubuhi yao ilikuwa jioni yangu. Nilikaa juu ya ndoo ya maji, nikalia vizuri, bila kuharakisha. Kisha nikajikuta nacheka peke yangu, sinia la mchele magotini, kwa sababu kumkumbuka mzee yule na kuendelea kununa ni vitu visivyowezekana kwa pamoja. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi hesabu huwataja wahadhiri wangu wa chuo kikuu, maana ndilo jibu wanalotaka. Ukweli ni kwamba nilifika Turkana na digrii ya hesabu mkononi na sikujua nne ni kitu gani, mpaka mtu mmoja aliyewahi kumfundisha sokwe aliponionyesha.

Ninauzungumzia mwaka mmoja tu, kutoka katikati ya 2012 hadi katikati ya 2013. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafundisha sekondari Lodwar, nimepanga chumba mtaa wa Kanamkemer, cha mabati juu na mabati pembeni, ambacho saa nane mchana hakikaliki hata na mjusi. Jirani yangu Esta, muuguzi, alikuwa akipika samaki wakavu wa Longech, kule ziwani, kwa nyanya na vitunguu, tukala tukiwa tumekaa mlangoni, miguu nje, tukitafuta upepo. Mji mzima ulikuwa ukizungumzia mafuta yaliyogunduliwa mwaka huo. Ukiingia hotelini kunywa chai unasikia meza ya kushoto wanapanga kununua ploti, ya kulia wanapanga mapipa ambayo hayajatoka ardhini. Mimi nilikuwa na msisimko wangu mwingine: shirika moja lenye shule ndani ya kambi ya Kakuma lilinipa kazi ya ziada ya kuwakagua walimu wakimbizi wasiokuwa na mafunzo, Jumamosi moja baada ya nyingine. Ripoti yangu ndiyo ingeamua nani aendelee kufundisha na nani arudi kukaa nyumbani. Nilipewa fomu yenye vipengele ishirini na viwili, na nakiri kwamba niliipenda ile fomu. Nilitembea nayo kifuani kama askari na bunduki yake.

Darasa la Papa Deo lilikuwa la mwisho kwenye mstari, matofali ya udongo na paa la bati, watoto wamebanana chini kwa sababu madawati yaliishia darasa la nne. Yeye alikuwa Mkongomani wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni joto lote lile. Mlango wa pili walikuwa wakihesabu kwa pamoja, moja hadi mia, kwa sauti tamu ya kwaya, nami nilipopita huko niliwapa alama zote. Kwa Papa Deo palikuwa kimya. Alikuwa na mikebe ya karanga na kadi zenye namba alizokata kutoka maboksi ya mafuta ya kupikia. Anamwita mtoto mmoja, anamwambia taratibu, "Nipe karanga mbili." Mtoto anampa. "Nipe tatu." Anampa. "Nipe nne." Mtoto anachota konzi nzima, anamwaga kiganjani mwake kwa furaha kubwa. Papa Deo anamshukuru, anaandika kitu kwenye daftari, anamwita mwingine. Hamwambii amekosa. Nilikaa pale saa nzima, nikamwekea sifuri kwenye "wanafunzi huitikia kwa pamoja", na watoto walipotoka nikamuuliza kwa ule ukali wa mtu mwenye fomu, "Papa, mbona wako hawajavuka hata kumi? Jirani zao wamefika mia."

"Bale banaimba, mwalimu," alisema akicheka. "Kuimba ni muzuri. Wangu pia wanaimba, uliza. Lakini muambie mutoto wa kule akupe karanga nne, utaona." Nilikwenda. Nilimwomba msichana aliyekuwa ameongoza wimbo wote wa mia, naye akanichotea konzi. Nikamwomba wa pili. Konzi. Wa tatu akanipa mkebe mzima, mtoto mkarimu. Nilirudi kwa Papa Deo mdomo wazi, na yeye, badala ya kunikumbusha fomu yangu, akanikaribisha chakula cha mchana.

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa shuka lenye maua, upande wa kulala na upande wa wageni, sakafu imemwagiwa maji ili vumbi litulie. Mkewe, Mama Furaha, alituwekea ugali wa mtama, mchicha anaouita lengalenga na samaki mmoja aliyegawiwa watu watano bila mtu kulalamika. Tulipomaliza, Papa Deo alitoa nyuma ya shuka kibao chenye vimlango saba vya kadibodi vilivyounganishwa na uzi mmoja. Nyuma ya kila kimlango alichomeka namba, zimetawanyika bila mpango: mbili huku, tisa kule, tano chini. "Angalia," akasema, na kabla sijamaliza kuangalia akavuta uzi, vyote vikajifunga. "Sasa gusa, kuanzia ndogo mupaka kubwa." Niligusa vitatu nikapotea. Tukarudia, nikagusa vinne. Mara ya tatu Mama Furaha alikuwa akicheka hadi akashika mbavu, na mimi jasho lilikuwa likinitoka. "Mado alikuwa anaziweza zote saba," alisema Papa Deo. "Haraka kukupita, na anakula ndizi mukono mwingine." Nikauliza kwa wivu kama Mado ni dada yake Furaha. Nyumba nzima ikalipuka. Furaha, wakati huo wa miaka kumi na minne, akaniambia kwa huruma, "Madamu, Mado ni sokwe."

Niliweka kikombe chini. Mpaka leo nasikia mwili ukisisimka nikikumbuka nusu saa iliyofuata. Kabla ya vita kumfukuza, Papa Deo alikuwa amefanya kazi miaka tisa mahali penye msitu walipolelewa sokwe yatima. Akaja mtafiti mmoja wa kigeni na vibao vyake, akahitaji mtu ambaye sokwe wanamwamini, na mtu huyo akawa Papa Deo. Yeye ndiye aliyekaa na Mado kila asubuhi, karanga ngapi, kadi ipi. "Alijua, mwalimu, si muchezo. Unaweka karanga tano, anachukua kadi ya tano. Na ukimuwekea sahani mbili, ukamuambia ile utagusa inaenda kwa mwenzako, anashindwa, anagusa tu ile kubwa, mukono unamushinda, analia, anagusa tena kubwa! Lakini ukifunika karanga ukamuwekea namba imeandikwa, anatulia. Anagusa ile ndogo ili apate kubwa. Karanga inamutia wazimu, namba inamupa akili." Kisha akasema jambo lililonifanya nilale Kakuma siku hiyo badala ya kurudi. Mado alijifunza moja kwa miezi. Akajifunza mbili kwa miezi ileile. Tatu, miezi ileile, nne, vilevile. Kila namba kwake ilikuwa mlango mpya wa kusukuma tangu mwanzo. "Mutoto wa mutu si vile. Mutoto anasukuma moja, anasukuma mbili, anasukuma tatu, anachoka kabisa, unafikiri hana kichwa. Halafu siku moja anaelewa kwamba inayofuata ni ile ya nyuma na moja tena. Basi! Milango yote inafunguka, anakimbia mupaka mwisho. Mimi nilimungojea Mado siku hiyo miaka tisa, na haikukuja. Nilipoiona mara ya kwanza kwa mutoto wangu mwenyewe, huyu Furaha, nilitoka inje nikapiga kelele, majirani wakadhani kuna mwizi."

Kuanzia hapo sikuwa na mazungumzo mengine. Esta akiniona nimefungua mdomo anasema, "Leo ni sokwe tena?" na kuongeza chumvi. Kila nilipokwenda Kakuma niliacha fomu kwenye mkoba, nikakaa sakafuni na watoto. Daftari la Papa Deo lilikuwa na jina la kila mmoja, na mbele ya baadhi ya majina tarehe: siku mlango ulipofunguka. Alikuwa akiweza kuibashiri siku hiyo. "Akikaribia anaanza ubishi," aliniambia, na kweli, nilimwona mvulana mpole akigombana na mwenzake kwamba karanga zake zimezidi kwa moja, na Jumamosi iliyofuata akampa mwalimu sita, saba, kumi na moja, chochote alichoombwa, huku akirukaruka. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho. Lango la shule lilikuwa na askari, Mturkana aitwaye Ekai, aliyekuwa akinisalimia, "Ejok, mwalimu, karanga iko?" na siku moja akatukuta mimi na Papa Deo tukibishana juu ya kuhesabu. "Mimi mbuzi yangu hapana hesabu," akasema. "Kwetu hakuna kuhesabu mbuzi. Mimi naangalia tu, najua nani hayuko." Papa Deo alimshika mkono kwa shangwe, akataka kujua yote, anaangalia rangi au pembe au mwendo, nao wakakaa hapo mpaka kengele ikasahaulika kupigwa.

Basi sikia nilivyoharibu. Mwanzoni mwa mwezi wa tano 2013 nilitakiwa kuandika ripoti, na badala ya kujaza vipengele ishirini na viwili niliandika kurasa kumi na moja. Niliandika kwa mapenzi. Nilimweka Mado, nikaweka vimlango, nikaandika kwamba mwalimu huyu anafundisha vizuri kuliko wote kambini kwa sababu alijifunza kazi kwa sokwe. Sikuwaza kwamba nakala huenda kwa kamati ya wazazi, na kwamba katibu wa kamati huwasomea wazazi kwa Kiarabu cha Juba, akifupisha. Kurasa zangu kumi na moja zilifupika zikawa sentensi moja: huyu Mkongomani anawafundisha watoto wenu kama alivyowafundisha nyani. Na wazazi wale, wengi wao Wasudan Kusini, neno hilo walikuwa wamelisikia wakiitwa nalo njiani kote walikopita. Papa Deo akaambiwa asikanyage darasani mpaka wazazi wakae kikao. Nilipopata habari nilikuwa nasahihisha madaftari Lodwar, nikayaacha mezani.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilimkuta ameketi nje amefungua kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kazi ile haikumpa kitu kikubwa, lakini ndiyo iliyomfanya aitwe mwalimu badala ya namba ya mkimbizi, na alijua hatapata nyingine. Nililia, nikasema nimemponza. "Umeandika kweli," alisema. "Lakini, binti yangu, ungeandika karanga, ungemuacha Mado alale." Mama Furaha akaniletea chai, na ukarimu ule ulinichoma kuliko kama wangenifukuza.

Mkutano ulifanyika mwezi wa sita, katika darasa lenye kivuli zaidi, wazazi kama arobaini. Mwenyekiti alikuwa Mzee Deng, mrefu hata akiwa amekaa. "Mwalimu Deo, sisi tulikimbia vita," alisema. "Hatukuukimbia utu wetu." Papa Deo alijibu kwamba hakuwahi kumwona mtoto hata mmoja kama mnyama, kwamba sokwe ndiye aliyemfundisha mtoto wa mtu ana nini cha ajabu. Hawakumsikia. Aliyesimama kwa hasira zaidi alikuwa Mama Achol, mwanamke mpana aliyejifunga shuka la buluu begani, ambaye bintiye wa miaka sita alikuwa darasani mwa Papa Deo. "Mimi hapana soma," alisema. "Lakini mtoto yangu anajua mpaka mia! Huyu anampa karanga kama nyani. Achol, sema." Achol akasimama, msafi, nywele zimesukwa, akaimba namba moja hadi mia bila kukosea, watu wakapiga makofi. Nilijua jina lake kwenye daftari. Mbele yake hapakuwa na tarehe. Papa Deo akapiga magoti, akamnyooshea kiganja. "Achol, mama yangu, nipe karanga nne." Nilitaka kupiga kelele asifanye hivyo. Achol akatazama mkebe, akachota konzi, akammwagia. Watu waliona, lakini aliyeaibika alikuwa mama, na mama aliyeaibishwa mbele ya jirani zake si mtu wa kumshukuru mwalimu.

Mama Achol alimvuta bintiye karibu. "Wiki mbili," akasema. "Atakuja kwako mchana, bibi yake atakaa hapo aone. Baada ya wiki mbili mimi nitauliza yeye, mimi mwenyewe, hapa mbele ya watu. Akishindwa, wewe unatoka hii shule." Mzee Deng akauliza kama kuna anayepinga. Papa Deo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono kukubali, na uso wake, mnaweza kuamini, ulikuwa na furaha.

Wiki mbili zile sikula vizuri. Esta mwenyewe, aliyechoka na sokwe wangu, alianza kuniuliza, "Wamefika wapi?" Nami kila siku saa saba mchana nilimpigia Furaha simu. Siku ya tatu: anampa tatu tu. Siku ya sita: tatu. Siku ya tisa: konzi. Siku ya kumi na moja Furaha alipokea akinong'ona, "Madamu, leo amegombana na bibi yake. Anasema bibi amekula karanga yake moja." Niliruka pale chumba cha walimu nikamkumbatia mwalimu wa Kemia, mtu ambaye hatukuwa tukisalimiana. Lakini ubishi haukuwa tarehe, na siku zilizobaki zilikuwa tatu tu.

Jumamosi ile darasa lilijaa hadi madirishani, Ekai ameacha lango lake. Mama Achol alikuwa amevaa shuka lilelile la buluu, limelegea. Nilitarajia aseme nne, au saba. Alifikiri, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anamtuma dukani, "Achol, leta karanga ya watu wa nyumba yetu. Kila mtu moja." Mzee aliyekaa karibu nami alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kwao mama hatamki idadi ya watoto wake mbele za watu, huwataja kwa majina. Nilimwangalia Papa Deo. Alikuwa amefumba macho. Hakuwahi kumuuliza mtoto swali la namna hiyo, swali lisilo na namba ndani yake.

Achol alichuchumaa mbele ya mkebe. Hakuchota konzi. Alitoa karanga moja, akaiweka kwenye kitambaa, midomo ikicheza. Nyingine. Nyingine. Alisimama, akatazama juu, akarudisha moja, akaitoa tena. Nikihesabu pamoja naye nilikuwa nimeshika mkono wa Furaha mpaka akaniambia namuumiza. Alipomaliza alikibeba kitambaa kwa mikono miwili, akampelekea mama yake. Mzee Deng akainama akatazama, naye ndiye anayezijua kadi za mgao wa chakula za bloku nzima. "Hizi ni ngapi?" akauliza.

"Nane," alisema Achol.

Watu wakaguna. Baba yake alikuwa amerudi Juba tangu mwezi wa kwanza, baada ya kuja kula Krismasi nao, na nyumbani kulibaki bibi, mama na watoto watano. Mzee Deng akatikisa kichwa, na si kwa ushindi, nadhani alikuwa ameanza kumwonea mtoto huruma. "Nyumba yenu ni saba. Kwa kadi iko saba." Papa Deo alifumbua macho, akayaelekeza chini, akaanza kufunga kile kifungo cha juu cha shati kama mtu anayejitayarisha kuaga.

"Saba," Achol alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira, ubishi mtupu. Akaanza kuzisukuma kwa kidole moja moja, kila moja na jina lake: bibi, mama, ndugu zake wanne, yeye mwenyewe. "Hii ni saba. Na moja tena. Nane." Akaiinua ile ya mwisho, akaenda kuigandamiza kwenye shuka la buluu, katikati kabisa ya tumbo la mama yake. "Huyu. Mimi nalala na mama. Ananipiga teke mgongoni."

Kisha bibi yake Achol, ambaye bila shaka hakuwa ameambiwa, alipiga kigelegele kilichowarusha njiwa juu ya bati, na wanawake wote wakakipokea. Mama Achol alikuwa amefunika uso kwa pembe ya shuka, mabega yakitikisika, na nilifikiri analia kwa aibu ya siri yake kutolewa mbele ya wazazi wote wa shule na askari wa lango. Aliposhusha shuka alikuwa akicheka hadi machozi. Papa Deo alikuwa amekaa chini sakafuni, daftari magotini, akitafuta kalamu mfukoni asiione, ikabidi nimpe yangu. Mzee Deng akaomba utulivu mara tatu, akauliza kamati inasemaje kuhusu mwalimu.

"Mwalimu anabaki," Mama Achol alisema, mkono juu ya tumbo. "Nani atafundisha huyu?"